Hadithi zetu zina nyimbo ndani yake, kwanini hatuzipandishi stejini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Jumapili iliyopita mlichapa barua ya msomaji mmoja aliyesema maigizo ya jukwaani yamekufa Tanzania, kwamba watu wako kwenye simu na bongo muvi, na kijana ukimwambia njoo uone mchezo ukumbini anakuuliza kwani haupo YouTube? Nimeisoma mara mbili, usiku nikairudia tena. Mengi aliyosema ni kweli. Ila pale aliposema hatuna cha kuwaonyesha watu, hapana, pale sikubaliani naye hata kidogo, na hilo ndo limenifanya nikae chini niandike.

Mi naishi Muheza, nafundisha kwaya, na nina kikundi cha vijana 14, wa kike na wa kiume, ambao tangu mwaka juzi tunahangaika na mchezo mmoja wa nyimbo. Nikisema mchezo wa nyimbo simaanishi zile shughuli ambazo watu wanaigiza kidogo afu mwimbaji anapanda anaimba afu ngoma inaingia afu wanarudi kuigiza. Namaanisha hadithi moja toka mwanzo mpaka mwisho, saa moja na nusu hivi, watu wanaongea, wanaimba, wanacheza, na yote hayo ni hadithi ileile inaendelea. Kwa Kizungu wanaita myuzikali. Hadithi yetu sisi ni ya babu yangu mzaa baba, ambaye alikuwa manamba.

Vijana wengi sa hivi hawajui manamba ni nini, hata hapa Tanga penyewe, nimewauliza. Mkonge uliletwa na Mjerumani, Dk. Richard Hindorf, mwaka 1893, miche 1000 ikatoka Florida ikapitia Hamburg na iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, wakaipanda Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka kwenye hiyo 62 yakaja mashamba mpaka macho yakachoka, Tanga, Muheza, Korogwe, Morogoro, na mashamba yakataka watu, na wenyeji hawakutosha na wengine hawakutaka kabisa hiyo kazi, basi watu wakafuatwa mbali, Kigoma, Songea, Rwanda na Burundi, Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kutafuta vibarua, ikaitwa SILABU. Ukiandikishwa unapewa namba, ndo hilo jina manamba. Babu alitoka Kasulu. Treni, afu lori, afu kambi. Alikuwa na kipande cha siku 30, siku uliyofanya kazi inawekwa alama, siku uliyoumwa haihesabiwi, kwa hiyo mwezi wa babu haukuwa mwezi wa kalenda, ulikuwa unaisha ukiisha.

Babu alikuwa na wimbo. Wa Kiha, mfupi tu, beti tatu. Alikuwa akiuimba akifuma mikeka barazani na sisi watoto tukawa tunaurukaruka bila kujua unasema nini. Siku moja nikamuuliza, nikamwambia babu huu wimbo ni wa harusi? Akasema hapana mjukuu wangu, huu ni wa nyapara. Nyapara alikuwa hajui Kiha. Wao wako mstarini wanakata, wamechoka, mmoja amekaa chini ya mkonge anapumua kidogo, sasa aliye mwisho wa mstari akimwona nyapara anakuja anaanza ubeti wa kwanza, anaupokea wa pili yake, unapita hivohivo mpaka unamfikia yule aliyekaa, anainuka. Nyapara akishapita wanaimba ubeti wa pili, maana yake ameondoka, pumzikeni. Yeye nyapara anasikia tu Waha wanaimba wakifanya kazi, anafurahi.

Sasa sikiliza tulivyoharibu, Mhariri. Tulivyotengeneza mchezo mara ya kwanza huo wimbo tuliuweka mwanzoni kabisa. Vijana wakatoka na magunia kiunoni, wakapanga mistari, wakaimba beti mbili vizuri kweli, sauti nne, wakacheza, wakatoka. Watu wakapiga makofi. Afu maigizo yakaanza, afu katikati wimbo mwingine, afu maigizo. Dakika ya arobaini nikatazama nyuma nikaona watu wanainuka. Hawakuwa na hasira, walikuwa wanaondoka tu taratibu kama watu waliomaliza shughuli. Nyumbani sikulala. Vijana wenyewe walikuwa wanaimba vizuri, stori ni ya kweli, tatizo nini?

Jibu nililipata kwa bibi yangu, mzaa mama, Mbondei wa hapahapa, ambaye alishatangulia zamani lakini hadithi zake ninazo kichwani. Kuna ile ya zimwi na ngoma, nadhani wengi mliosoma hapa mmeisikia kwa namna yenu. Wasichana wanaenda pwani kuokota kombe. Mmoja anapata kombe zuri kupita yote, analiweka juu ya mwamba asilisahau, na analisahau. Njiani anakumbuka, wenzake wanakataa kurudi naye, anarudi peke yake huku anaimba kujipa moyo, anafika anamkuta zimwi amekaa juu ya mwamba. Zimwi anamwambia huo wimbo mzuri, njoo karibu uimbe tena nisikie. Anamkamata anamtia ndani ya ngoma anaishona. Basi zimwi akawa anapita kijiji kwa kijiji, akipiga ngoma inaimba yenyewe kwa sauti ya mtoto, watu wanashangaa wanampa chakula na pombe. Mpaka anafika kijiji cha yule msichana. Anapiga. Mama anasikia. Anaijua sauti ya mwanae.

Bibi akifika hapo alikuwa anaimba kwa sauti ndogo kweli, ameziba mdomo na kanga, kama inatoka ndani ya kitu. Sisi tulikuwa tunalia. Na ni hapo nilipoelewa, miaka zaidi ya thelathini baadae, nimekaa kitandani usiku na mchezo wangu umeshindwa. Kwenye hadithi ya bibi ukiutoa wimbo hakuna hadithi. Zimwi anamkamata msichana kwa sababu ya wimbo na mama anampata kwa sababu ya wimbo uleule. Huwezi kuuhamisha ukauweka mwanzoni kama burudani ya kukaribisha wageni. Na wimbo wa babu ni hivohivo! Ulikuwa na kazi, na mimi nikauondoa kazini nikaufanya pambo.

Tukarudi mazoezini. Tukautoa mwanzoni. Sasa mchezo unaanza kimya, watu wanakata mkonge, hakuna muziki, unasikia panga tu na pumzi. Kijana mgeni ndo ameshuka kwenye lori, ni Muha lakini hajui mambo ya pale, anachoka anakaa. Ubeti unaanzia mbali huko, nyuma ya watazamaji kabisa, tunamweka msichana mmoja nyuma ya umati, unakuja mstari kwa mstari, na yule kijana haelewi kwanini wanaimba, anabaki amekaa, na nyapara anamkuta. Mara ya pili wimbo ukianza katikati ya mchezo umati wote unajua. Kuna mama alipiga kelele "Inuka we mtoto!" Kuanzia hapo hakuna aliyeondoka.

Nawaambia waandishi na vikundi vyote vya sanaa, hicho ndo kitu chenyewe, na sisi tunacho tayari, hatuna haja ya kukiazima. Chukua Fumo Liyongo, yule shujaa na mshairi wa hadithi za zamani za pwani. Yuko gerezani Pate, amefungwa pingu na minyororo. Anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake, mama aoke mkate wa wishwa, yaani wa makapi ya nafaka, ndani atie tupa. Walinzi vyakula vizuri wanakula wao, mkate wa wishwa wanaudharau wanamwachia mfungwa. Afu usiku Liyongo anaomba apigiwe gungu, ngoma ya zamani ya pwani, na matoazi na pembe, yeye anaimba wao wanaitikia, na kila wanavyozidi kupiga ndo yeye anazidi kukereza pingu kwa tupa, hakuna anayesikia. Wakija kushtuka amesimama wima yuko huru. Muhammad Kijuma wa Lamu aliiandika kwenye utenzi mwaka 1913 na watu wa pwani walikuwa wakiisimulia karne nyingi kabla yake. Hebu fikiria hiyo stejini. Umati unaona mkono wake unakereza, walinzi hawaoni, na ngoma ikipungua kidogo tu roho inakutoka. Hao wanaotengeneza maonyesho makubwa ya mamilioni huko nje wangeitafuta sini kama hiyo kwa tochi, na sisi tumeiacha kwenye kitabu cha fasihi wanafunzi wanajibia mtihani.

Au Maji Maji. Tunaijua wote, 1905 hadi 1907, Kinjikitile wa Ngarambe, akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905 vita ikiwa ndo kwanza changa. Ebrahim Hussein alituandikia Kinjeketile mwaka 1969 na ni mchezo mkubwa, mi nauheshimu sana, lakini niambie ni wangapi kati yetu tumeuona ukichezwa, wengi tumeusoma darasani tu kimyakimya. Na kuna kitu wazee wa kule waliwasimulia watafiti miaka ya 60 ambacho mpaka leo kinanisisimua, kwamba kabla ya vita watu walikuwa wanafanya likinda, ni zoezi la kivita lakini linaenda kwa nyimbo na miguu kama ngoma. Yaani jeshi zima linajiandaa mbele ya macho ya serikali ya Mjerumani na ni nyimbo ndo zimelificha. Sasa hapo mtunzi unataka nini tena jamani? Pamba wanazong'oa shambani Nandete, mnong'ono wa maji unaopita kijiji kwa kijiji, huo mnong'ono wenyewe ni kwaya tayari.

Na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar. Kazaliwa Fumba mwaka 1880 hivi, kwao wafinyanzi, anatembeza vyungu huku anaimba ili watu wajue anapita, sauti yake ndo tangazo lake la biashara. Anaingia mjini 1911, mwaka 1928 yuko Bombay anarekodi santuri kwa Kiswahili. Ule wimbo wake wa Kijiti unajua ulivyokuwa? Mwanamke mgeni ameuawa, Kijiti amekimbia, na mahakama ikaja kuwafunga mashahidi. Siti akaimba. Watu ambao hawakuwa na gazeti wala wakili walikuwa na Siti. Kila nikisikia mtu anasema historia yetu haina stori za jukwaani namkumbuka huyu mama na vyungu vyake.

Ndugu yule wa barua alisema zamani watu walikuwa wanaenda kwenye maonyesho. Kweli, na mi nilikuwa mmoja wao. Miaka ya 90 shangazi yangu alikuwa anakaa Dar, likizo alikuwa ananipeleka kuona vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT. Muungano walikuwepo tangu 1980, TOT wakaja 1992 na Kapteni John Komba, Mungu amrehemu. Kwa kiingilio kimoja unaona ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, kwaya, na mwisho kabisa taarab, Khadija Kopa yuko TOT na Nasma Khamis yuko Muungano wanarushiana mipasho na mashabiki wao wamejaa, watu wanaenda kutuza mpaka chenji inaisha. Nilikuwa nakaa mbele kabisa sipepesi macho. Kila kitu cha kutengenezea mchezo mkubwa wa nyimbo kilikuwa pale kwenye uwanja mmoja jioni moja, wachezaji ngoma, wachekeshaji, waimbaji wa kiwango cha juu, wapigaji vyombo. Ila kila kimoja kilipanda kwa zamu yake kikashuka. Igizo lilikuwa la familia yenye matatizo ya mirathi, likiisha ndo mnaimbiwa kitu kingine kabisa. Laiti ule mpasho ungekuwa ndani ya igizo, yaani wake wenza wawili tumewaona wakigombana nusu saa nzima, tunawajua shida zao, afu mmoja anasimama anamwimbia mwenzie uso kwa uso, hivi kungekalika?

Majirani zetu walishafanya na wengine walilipia kwa damu. Uganda, Byron Kawadwa na mtunzi wa muziki Wassanyi Serukenya walitengeneza Oluyimba lwa Wankoko, maana yake Wimbo wa Jogoo, mchezo wa kuimba kwa Kiganda. Mwaka 1977 wakaupeleka Lagos kwenye FESTAC, lile tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, na waliporudi Kawadwa akachukuliwa na watu wa Amin, akauawa. Kwa wimbo wa jogoo! Mwaka huohuo Limuru kule Kenya, wanakijiji wa Kamiriithu walijenga jukwaa lao wenyewe la wazi wakacheza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, nyimbo nyingi zilitoka kwa wanakijiji wenyewe, kibali kikafutwa Novemba na Ngũgĩ akawekwa kizuizini, na 1982 jukwaa likabomolewa. Afrika Kusini walikuwa na King Kong tangu 1959, habari za bondia Ezekiel Dlamini, Miriam Makeba yumo humo bado hajajulikana duniani. Afu Sarafina, ambayo sisi wengi tumeiona kama muvi, kabla ya hapo ilikuwa mchezo wa jukwaani wa Mbongeni Ngema, 1987, wanafunzi wa Soweto wa mwaka 1976, na mwaka uliofuata ilikuwa Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York. Hawakubadilisha muziki wao ili wapelekwe huko, walikwenda na muziki wa mitaani kwao.

Na hapo Broadway tangu 1997 unachezwa mchezo wa The Lion King, mpaka leo watu wanalipa pesa nyingi sana kuuona, na mle ndani kuna Simba na kuna Rafiki na kuna "asante sana". Maneno yetu. Nafurahi yamefika, kweli nafurahi. Ila naumia nikifikiria mtoto wa Muheza anayajua maneno hayo kama majina ya katuni na ile hadithi ya zimwi na ngoma hajawahi kuisikia kwa mtu yeyote.

Nirudi kwa mchezo wetu maana kuna kitu kilitokea naomba nikisimulie. Onyesho la pili tulicheza kwenye uwanja wa shule, jioni, jua linazama. Tuko kwenye sehemu ya kukata mkonge, mzee mmoja akainuka na fimbo yake akaja mpaka katikati. Vijana wakasimama. Nikamkimbilia nikamwambia shikamoo mzee, kuna tatizo? Akasema marahaba mwanangu, hawa watoto wanakata mkonge kama wanakata miwa. Umati ukacheka. Yeye hakucheka. Akasema nipe panga. Basi akatuonyesha, unainama unaanza majani ya chini, unatoa mwiba wa ncha kwanza usije ukakutoboa jicho au ukamtoboa mwenzio, unahesabu 30, unafunga tita, unaacha. Akahesabu kwa sauti mpaka 30, na watoto wote uwanjani wakawa wanahesabu naye. Ilichukua dakika kumi hivi, mchezo umesimama, na hakuna mtu aliyeondoka. Akamaliza akasema haya endeleeni, akarudi kukaa. Sasa hivi kule kuhesabu mpaka 30 kumeingia kwenye mchezo, ndo mdundo wa wimbo wa pili, kijana wetu mmoja anayejua singeli akaupandisha kasi kidogokidogo mpaka pumzi zinawaishia wachezaji, kwa sababu ndivyo kazi yenyewe ilivyokuwa, matita yanaongezwa mwili uleule. Nimekuja kusoma baadae kumbe na Kamiriithu ilikuwa hivohivo, wafanyakazi wa viwandani na mashambani walikuwa wanasimamisha mazoezi wanasema hapana, kazi yetu haiendi hivyo. Bongo muvi haiwezi kukupa hicho. Mzee hawezi kuingia ndani ya simu akachukua panga.

Mambo ya pesa nisiyafiche. Kiingilio chetu 2000, watoto bure, na mara mbili zote spika na maiki tulizokodi zimekula karibu chote tulichopata. Nguo wameshona wazazi. Kuna ukumbi mmoja tulilipia nusu kabisa, wiki ya onyesho wakatuambia siku hiyo kuna harusi, tutafute siku nyingine, na nusu yetu kuipata ilitugharimu safari nne. Sishangai maana harusi inalipa zaidi, lakini vijana walikuwa wameshafanya mazoezi miezi mitano, mmoja alikuwa anatoka Pongwe kila Jumamosi kwa nauli yake. Nairobi wana jumba la taifa la maigizo tangu 1952 na Kampala tangu 1959. Sisi tumezoea baa, ukumbi wa harusi na uwanja wa mpira. Bagamoyo wana chuo cha sanaa na tamasha lao, namshukuru Mungu kwa Bagamoyo, nimekwenda pale mara moja nikarudi na nguvu za mwaka mzima, lakini mikoani huku ukitaka jukwaa lenye taa na pazia unaota. Halmashauri zinaweza kutenga hata banda moja tu. Banda, taa nne, sakafu ya mbao. Mashule yana kwaya, makanisa yana kwaya, madrasa wana kaswida, vigodoro vipo kila wiki, watu wanaojua kuimba na kucheza nchi hii wamejaa hawana pa kukutana na mtu mwenye hadithi.

Kwa hiyo ombi langu kwako Mhariri na kwa gazeti lako ambalo nalisoma tangu niko sekondari. Kurasa za burudani kila siku ni nani kagombana na nani na nani kanunua gari gani. Sikatai, watu wanapenda. Ila tupeni hata nusu ukurasa kwa wiki, wasomaji walete nyimbo za babu na bibi zao, na waseme ziliimbwa wapi na zilikuwa zinafanya kazi gani. Hilo la kazi ndo muhimu, msituletee maneno matupu. Wimbo wa kutwanga usiku ili mume aliye shambani ajue nyumbani salama, wimbo wa wavuvi wa kuvutia juya, wimbo wa kumficha mtu, wimbo wa kumtukana mkwe bila yeye kujua. Mtunzi akisoma kitu kama hicho hahitaji kuambiwa zaidi, mchezo anauona. Na mtumeni mwandishi wenu siku moja aje aone onyesho huku mikoani, asiandike kwamba lilifana, aandike lilipopwaya na kwanini, sisi tunahitaji hilo kuliko sifa.

Na mi nianze kuleta wa kwangu, kwa sababu nina shida nao. Nilisema wimbo wa babu una beti tatu. Wa kwanza nyapara anakuja, wa pili nyapara ameondoka. Wa tatu babu hakuwahi kuutamka maneno, alikuwa anauvumisha tu mdomo umefungwa, kila mara, hata nilivyomuuliza. Baba yangu aliwahi kuniambia alisikia kwamba ule uliimbwa usiku, kambini, pale mtu alipokuwa amepanga kutoroka mkataba, ili wenzake wajue wasimtafute mapema asubuhi. Babu alifariki 1998 na baba hajui zaidi ya hapo. Mpaka leo kwenye mchezo wetu ubeti wa tatu tunauvumisha kama alivyokuwa anauvumisha yeye, kijana anaondoka gizani na wenzake wamelala wanavumisha, na watu wa Muheza wanakaa kimya kabisa. Lakini maneno yapo mahali. Kama kuna msomaji wa Kasulu, Kibondo, Buhigwe, au mtoto na mjukuu wa manamba yeyote aliyebaki huku Tanga, Korogwe, Kilosa, ambaye mzee wake alikuwa na wimbo wa Kiha wa beti tatu wa kumwonya mtu kuhusu nyapara, naomba sana amwandikie Mhariri ubeti wa mwisho, tunarudi uwanjani Desemba.

Mwalimu wa kwaya,
Muheza, Tanga